Kiti cha Clifford

Ukimwonea wivu mtu aliye hai, walau unajua pa kumpata. Utamnunia njiani, utamsengenya kwa jirani, ukizidiwa utamrushia ngumi naye akurushie, yaishe. Lakini maiti? Maiti utamfanya nini? Haugui, hazeeki, hasahau siku ya ndoa, haachi soksi zake sebuleni. Na aliyekuwa akimnyima raha Norman Preece ni maiti: Clifford Askew, mume wa kwanza wa mkewe, aliyezikwa miaka sita nyuma kwenye makaburi ya kanisa, juu kidogo ya mji wa Ludlow.

Norman si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamsema sana. Alikuwa fundi makochi, na kwa miaka arobaini hakuna tako la maana pale mjini ambalo halikukalia kazi yake. Ujana wake wote ulipita akimuuguza mama yake. Mama alipofariki, Norman ana miaka hamsini na tisa, hana mke wala mtoto wala paka, ndipo Bi Muriel Askew alipoingia dukani na kiti cha jikoni kilicholegea miguu. Kiti kikatengenezwa. Kikalegea tena baada ya wiki mbili, na mimi nina mashaka kama kililegea chenyewe. Kufikia masika walikuwa wameoana, mbele ya karani na mashahidi wawili.

Norman akahamia nyumbani kwa Muriel. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini Muriel alijitahidi kweli kuifungua ile kamba. Alimpa nusu ya kabati, akampa msumari wa kofia karibu na mlango, akabadilisha hata upande wa kitanda. Na jina la Clifford hakulitaja mle ndani. Miaka minne, si kwa heri wala kwa shari, hakulitaja.

Ila bandani kulikuwa na gari.

Lilikuwa Wenlock Sita, la mwaka elfu moja mia tisa thelathini na mbili. Jeusi juu, rangi ya zabibu chini, na boneti ndefu utadhani halitaisha. Ndani ya boneti silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na injini ikishapata moto ulikuwa unaweza kusimamisha sarafu kwa ubavu juu ya kifuniko cha rejeta, isianguke. Clifford alilinunua kwa mjane wa daktari wa mifugo, vita vimeisha juzi tu, akalitunza miaka thelathini, na katika miaka hiyo hakubadilisha kitu. Rangi ilipasuka, akaiacha. Ngozi ya viti ikakauka, akaipaka mafuta, akaiacha. Norman alipoliona mara ya kwanza alidhani ni gari la mtu aliyeishiwa.

Kumbe kwa watu wa magari ya zamani hiyo ndiyo sifa yenyewe. Neno lao kubwa ni "halijaguswa". Kila Juni klabu yao hukusanyika kwenye uwanja wa shule, wakaja na viti vya kukunja na chupa za chai na mikate ya tango, wakakagua magari ya wenzao mpaka uvunguni. Kipo kikombe cha gari lililong'aa kuliko yote, lakini hicho huwa wanakipigia makofi ya adabu tu. Kikombe wanachokililia ni cha gari ambalo halijaguswa, na gari la Clifford lilikuwa limekichukua mara kumi na moja.

Mwaka wa kwanza Norman alivaa tai mpya. Wakafika, wakaegesha, na hapohapo akaja mzee mmoja, Wilf Tipton, fundi wa reli mstaafu, mtu wa maneno mengi na meno machache. Hakusalimu. Alifungua mlango wa dereva, akaingiza kichwa, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Aaah! Bado yumo!"

"Nani?" akauliza Norman, maskini wa Mungu.

"Clifford, bwana! Tumbaku ya kiko chake hiyo. Njoo, shemeji, njoo unuse."

Hebu niambieni. Mtu anaitwa akamnuse mume wa mkewe! Na wenzake wanasubiri, wanatabasamu, wanamwachia nafasi. Norman akainama akanusa. Akasema, "Naam, tumbaku." Muriel aliangalia pembeni.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila mwaka Wilf ananusa, kila mwaka Norman anaambiwa anuse. Na akiendesha yeye ndiyo balaa zaidi, maana gia za gari lile zinataka ukanyage klachi mara mbili na usikilize injini, na Norman sikio hilo hakupewa. Gia ya pili ilikuwa ikilia uwanja mzima unageuka.

"Bwana mdogo!" Wilf alikuwa akimpigia kelele. "Unaingiza gia au unachinja nguruwe? Clifford hakuwahi kuiliza hata siku moja!"

Bwana mdogo, na ana miaka sitini na tatu. Norman alicheka nao. Moyoni alikuwa akiwaka.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama kooni ni Jumatano. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana Muriel alijifuta mikono, akachukua ufunguo, akasema, "Naenda kuliwasha, injini ikikaa sana inakufa." Dakika kumi, akarudi. Norman alidhani ni kazi kama kazi nyingine, mpaka siku moja ya Februari alipomwonea huruma kwa baridi ile, akamimina chai kikombeni, akampelekea.

Kwenye kidirisha cha banda akasimama. Injini inanguruma polepole, milango ya banda iko wazi. Muriel yuko ndani ya gari. Lakini hakukaa kwenye usukani. Alikuwa amekaa kushoto, kiti cha abiria, mikono mapajani, na kiti cha dereva kando yake kitupu. Hakuwa akilia. Hakuwa akifanya chochote. Alikuwa amekaa tu, kama mtu anayepelekwa mahali.

Norman akarudi na chai yake. Akainywa mwenyewe, amesimama jikoni, bila sukari, na yeye huweka vijiko viwili.

Kesho yake Muriel alipokwenda sokoni, yeye akaenda bandani. Sasa mjue, mtu aliyeshona makochi miaka arobaini hakitazami kiti kama mimi na wewe tunavyokitazama. Anakisoma. Atakwambia aliyekikalia alikuwa mnene au mwembamba, ana mguu mbovu, ana deni la usingizi. Norman akapiga magoti kwenye ubao wa kukanyagia, akapitisha viganja juu ya ngozi. Dereva: mtu mkubwa, mabega mapana. Kiti kimebonyea, ndiyo, ila hakikubonyea katikati. Kimelalia kushoto. Miaka thelathini yule mtu ameegemea upande mmoja. Akazunguka upande wa pili, akapima kiti cha abiria. Hicho nacho kimelalia kulia.

Walikuwa wakiegemeana. Miaka thelathini, kila safari, bega kwa bega, hata springi zimekubali.

Akaingia nyumbani bila kuvua viatu vya matope, kosa kubwa mle ndani, akaenda moja kwa moja sebuleni kwenye kochi alilolishona yeye kama zawadi ya harusi. Akalipapasa. Mibonyeo miwili, kila mmoja mwisho wake, imenyooka, na katikati pamejaa kama siku lilipotoka dukani. Yeye na Muriel walikuwa wakikaa pale kama abiria wasiojuana kituo cha treni. Aliona wivu, jamani, aliona wivu hadi akashika ukuta.

Mwezi wa nne, binti wa Muriel aliyeolewa Kanada akajifungua, na Muriel akaenda kumsaidia wiki saba. Norman akamsindikiza, akampungia mkono, akarudi nyumbani akiwa ameshaamua.

Zawadi, alijiambia. Atarudi alikute gari kama jipya. Viti gani vile, vimepasuka, vinachoma mapaja? Mwanamke mzima astahili kukalia matambara? Eti zawadi! Mtu akiwa na wivu, sumu mkononi mwake ataiita dawa ya kikohozi. Na msiniambie hakujua. Alikuwa ameshakaa kwenye uwanja ule Juni nne, alilijua neno "halijaguswa" na alijua linatamkwaje. Kabla ya kukata uzi wa kwanza wa kile kiti alifunga mlango wa banda, naye si mtu wa kufanya kazi mlango umefungwa.

Akavifumua vyote. Akatoa ngozi, akatoa singa za farasi zilizojazwa ndani, akatoa springi. Katikati ya kiti cha dereva, chini kabisa, akakuta kibanio cha nywele. Sasa kibanio cha nywele cha mwanamke kimefikaje chini ya kiti cha dereva? Aliwaza, akawazua, akajibu mwenyewe, na jibu likampa nguvu ya kufanya kazi siku mbili bila kupumzika. Akarundika kila kitu bustanini nyuma ya banda, na kibanio juu yake, akakitia moto. Singa za farasi hunuka vibaya zikiungua. Alisimama pale mpaka mwisho.

Kisha akashona. Na hapa nimpe haki yake: hajawahi kushona vile tangu azaliwe. Ngozi nyekundu iliyokolea, laini kama siagi ya asubuhi, kila mshono umbali uleule na mwenzake. Bodi akampa fundi rangi wa kutoka Hereford, ikarudi inang'aa hata unaweza kunyolea ndevu. Mbao za dashibodi akazipiga msasa na vanishi. Milango ilikuwa na mpira uliooza pembeni, akaubandua akaweka mpya. Akasugua dari na sakafu kwa siki na magadi mara tatu, nne, tano. Alipomaliza aliingiza kichwa, akafumba macho, akavuta pumzi kama Wilf. Gundi. Ngozi mpya. Vanishi. Clifford hayumo. Norman aliimba akifagia banda.

Muriel akarudi mwanzoni mwa Juni, amechoka na amenenepa kidogo. Norman hakumwacha hata avue koti. Akamshika mkono, akampeleka bandani, akafungua milango.

Muriel alilizunguka gari lote. Kisha akanyoosha mkono, akagusa mlango kwa ncha za vidole, akaurudisha.

"Umefanya kazi kubwa, Norman."

"Imependeza?"

"Imependeza sana. Ahsante." Akambusu shavuni. "Ngoja nikaweke birika, nimechoka na safari."

Ilipofika Jumatano hakuchukua ufunguo. Aliosha vyombo, akakaa na gazeti.

"Huendi kuliwasha?" akauliza Norman.

"Kaliwashe wewe, mpenzi."

Norman akaenda kuliwasha huku miguu haigusi chini. Ameshinda! Hivyo ndivyo alivyoona, na alitembea na ushindi wake siku kumi.

Jumapili ya klabu ikafika. Wakaingia uwanjani, gia ya pili ikalia kama kawaida, na Norman akasubiri kelele za Wilf. Hazikuja. Gari lilivyopita, watu waliacha kuongea. Mama mmoja alishusha kikombe chake cha chai kwenye nyasi. Norman akaegesha, akashuka, akakunjua mabega.

Wilf akaja polepole. Akafungua mlango wa dereva, akaingiza kichwa. Akakitoa. Akauangalia ule mshono mwekundu kidogo, halafu akavua kofia, na Wilf kofia yake huivua kanisani tu. Akampita Norman, akaenda upande wa pili alikosimama Muriel, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole, Muriel."

"Ahsante, Wilf."

Akaja mwingine. "Pole sana, mama." Akaja yule mama wa chai, akamkumbatia. Wakaja wawili wawili, wanaume wamevua kofia, kila mmoja anampa mkono na kuondoka, na Muriel anaitikia mmoja mmoja, uso mkavu. Ilikuwa matanga, wala si kitu kingine.

"Jamani!" Norman sauti ikampanda. "Kwani kafa nani hapa?"

Wilf akamgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji, kazi yako ni nzuri. Sijaona mishono kama hii maisha yangu yote. Sasa nyamaza."

Mkaguzi mkuu, Bi Honor Gough, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, akaja na karatasi zake. Akaondoa kadi ya "halijaguswa" iliyokuwa kwenye kioo, akaweka nyingine ya magari yaliyotengenezwa upya. Jioni wakatangaza: kikombe cha gari linalong'aa kuliko yote, Wenlock Sita, kazi ya Bwana Norman Preece. Jina lake, kwa mara ya kwanza kwenye uwanja ule, si "mume wa Muriel" wala "bwana mdogo". Wakapiga makofi ya adabu.

Nyumbani Muriel akaandaa chai, akaweka mkate na jamu, wakakaa mezani, kikombe cha ushindi katikati yao.

"Vile viti vya zamani umeviweka wapi?" akauliza.

"Nilivichoma."

"Vyote?"

"Vyote. Nyuma ya banda."

Muriel akatikisa kichwa taratibu. "Kwa nini? Na usiniambie zawadi, Norman. Mimi si mtoto."

Norman akaangalia mikono yake. Alikuwa na uongo wa kutosha kichwani, lakini ulipofika mdomoni haukutoka.

"Kwa sababu mlikuwa mnaegemeana," akasema. "Nimefanya kazi hii miaka arobaini, Muriel, kiti hakinidanganyi. Yule amekuegemea miaka thelathini, nawe umemuegemea. Mimi na wewe kwenye lile kochi tumekaa kama tunasubiri treni. Na kila Jumatano unaenda kukaa naye. Nilikuona. Na kibanio chako cha nywele nilikikuta chini ya kiti chake. Nimeona wivu. Haya, nimesema! Nimemwonea wivu maiti, na nimemtia moto."

Muriel alimkodolea macho. Kisha, Mungu anisamehe, akacheka. Kicheko kikamtoka hadi akashika meza, na machozi yakaja nyuma yake.

"Milango ilikuwa inavuja, Norman! Miaka yote ile. Mvua ikinyesha, na hapa ni lini hainyeshi, tunabanana katikati tusilowe. Clifford alikuwa akisema atabadilisha ule mpira, Clifford bwana, atabadilisha kesho." Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Na kibanio nilikuwa nikimpa azibulie kiko. Amepoteza pakiti nzima mle ndani."

Norman akakitazama kikombe cha ushindi. Ule mpira aliubandua kwa mikono yake mwenyewe.

"Na nilimpenda," akasema Muriel. "Usije ukadhani ni mvua peke yake."

"Najua."

"Hujui. Nilipokubali kuolewa na wewe nilijiambia, nyumbani humu atakuwemo mume mmoja. Mmoja tu, Norman Preece. Kwa hiyo Clifford nikamweka kule bandani. Nikimkumbuka najikaza, nasubiri Jumatano. Nakwenda, nakaa naye dakika zake kumi, nafunga mlango, narudi kwako nikiwa mzima. Miaka minne. Umewahi kumsikia humu ndani? Hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi kule umemfukuza." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetoa habari ya mgeni atakayekuja kukaa. "Na mimi siwezi kumtupa barabarani, mume wangu. Sina pengine pa kumweka. Itabidi aje humu."

Akavuta kiti chake karibu na meza, akapaka jamu kwenye mkate, akaanza. Clifford alikuwa akiogopa mabata bukini. Mtu mkubwa vile, bata akimfungulia mdomo anapanda juu ya boneti. Clifford alikuwa akikoroma hata akiwa amekaa. Clifford aliwahi kuendesha mpaka baharini Wales, saa nne njiani, wakafika akakumbuka chakula kimebaki juu ya ukuta wa ua nyumbani. Uso wa Muriel ulikuwa umefunguka, mikono inapaa angani, miaka kumi imemtoka usoni, na Norman, aliyekuwa akimchukia lile jitu lenye mabega mapana, alijikuta anatabasamu kwa bata, na moyo ukamuuma kuliko siku ile ya kidirishani, maana yeye na huyu mtu wangeweza kuwa marafiki.

Muriel aliongea, aliongea, mpaka utando ukatanda juu ya chai. Akanyanyua kikombe, akaonja, akakirudisha mezani.

"Clifford alikuwa hanywi chai ikishapoa," akasema, akakisukuma mbele.

Norman akainuka, akamwaga ile chai, akajaza birika maji, akalibandika tena jikoni.